Rubani: safari ndefu au safari za ndani? Tupime kwa miruko, usingizi na ukongwe

KitiChaKulia

Wakuu, heshima kwenu. Kila anayekaribia kupangiwa aina ya ndege huuliza lipi bora: ndege ya korido mbili inayovuka bahari, au ya korido moja inayozunguka viwanja vya ndani. Majibu mengi huishia kwenye ukubwa wa ndege na majina ya miji. Mvuto huo huisha mapema kuliko mtu anavyodhani. Naomba uzi huu uwe wa hesabu.

Naanza na saa. Vikomo vya saa za kuruka havijali unaruka wapi. Kanuni za EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, zinaruhusu saa 100 kwa siku 28 na saa 900 kwa mwaka wa kalenda. Marekani ni saa 100 kwa siku 28 na saa 1,000 kwa siku 365. Rubani wa ndani na wa mbali wote wanaweza kufika saa 80 kwa mwezi, ila njia ya kuzifikia haifanani hata kidogo.

Saa 80 za ndani, mruko mmoja ukiwa saa 1 na dakika 20, ni miruko 60. Mkipokezana na kapteni, unapaa na kutua mara 30. Saa 80 za masafa marefu, mruko mmoja ukiwa saa 10, ni miruko 8, yaani kwenda na kurudi mara 4. Hapo mko watatu au wanne, na kila mmoja anataka chake. Ukipata kutua mara 2 au 3 mwezi huo, ratiba imekukalia vizuri.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa kijana ambaye bado hajawa kapteni, miruko 60 ina thamani kuliko bahari. Anayepinga aje na hoja.

Kikomo13

Mkuu umeanza vizuri, ila saa za kuruka ni nusu ya habari. Kinachochosha ni saa za zamu, tangu unaporipoti hadi injini zinapozimwa baada ya mruko wa mwisho.

Kwa EASA, rubani ambaye mwili wake umezoea majira ya mahali, akiripoti kati ya saa 12 asubuhi na saa 7 na nusu mchana, anaruhusiwa zamu ya saa 13 kwa mruko 1 au 2. Kuanzia wa tatu, kila mruko unakata dakika 30. Miruko 4 ni saa 12, miruko 6 ni saa 11. Akiripoti kati ya saa 11 jioni na saa 11 alfajiri, anaanzia saa 11 tu. Walioandika kanuni hii wanajua kwamba kupaa na kutua ndiko kunakokula nguvu, si kukaa angani.

Masafa marefu yana hesabu nyingine. Ndege yenye kitanda cha kulala kilichotengwa na chumba cha marubani na abiria, marubani 3 wanaweza kufanya zamu ya saa 16, na 4 wakafanya saa 17. Kama sehemu ya kulalia ni kiti cha kulaza chenye pazia, kila namba inashuka saa 1. Kikiwa kiti cha kawaida kinachoegemea digrii 40 chenye pa kuwekea miguu, zinashuka saa 2. Anayetua lazima awe amepata angalau saa 2 mfululizo za mapumziko humo angani. Wengine dakika 90.

Kwa hiyo mtu akikwambia "kampuni ina safari ndefu", swali la kwanza ni marubani wangapi na wanalala wapi. Saa 14 za marubani watatu kwenye kiti chenye pazia karibu na jiko la wahudumu, na saa 14 za wanne wenye vitanda, ni kazi mbili tofauti.

Mapumziko: ukiwa nyumbani ni saa 12 au urefu wa zamu iliyopita, chochote kilicho kirefu zaidi. Ukiwa nje ya kituo chako ni saa 10 kwa msingi huohuo, na ndani yake lazima upatikane muda wa saa 8 wa kulala. Marubani wa ndani ndio wanaoumizwa na hizo 10. Basi likichelewa, hoteli ikiwa mbali, saa 8 zinakuwa za kwenye karatasi. Kanuni inataka safari ya hotelini ikizidi dakika 30 muda uongezwe. Wengi hawaudai.

Anga_Mwanafunzi

Samahani wakuu, saa za kulala kitandani zinaingia kwenye kitabu cha saa? Nasikia majibu mawili.

KitiChaKulia

Inategemea mamlaka iliyotoa leseni yako, ndiyo maana unasikia mawili. Mstari salama: andika kama saa za rubani msaidizi ule muda uliokaa kitini ukiwa na wajibu, na weka safu ya pembeni kwa muda wote wa safari. Siku ukiomba kazi kwingine au kubadilisha leseni, watakuuliza ulikaa kitini saa ngapi.

ATPL, leseni ya juu ya rubani wa ndege za abiria, inataka jumla ya saa 1,500, lakini ndani yake kuna mafungu: za ukapteni au za ukapteni chini ya usimamizi, za usiku, za kuruka kwa vyombo. Rubani aliyeanzia ndege kubwa kama wa kupokezana angani, ambaye kazi yake ni kukaa kitini wakati wenzake wamelala, anaweza kujaza jumla haraka huku fungu la ukapteni likiwa tupu. Hilo fungu ndilo linalochelewesha mistari minne begani.

Nukta_ya_Muda_Sawa

KitiChaKulia, nakupinga kwa heshima. Unahesabu kutua kana kwamba ndicho kipimo pekee cha rubani. Masafa marefu yana ufundi wake, na haujifunzi kwenye miruko 60 ya saa moja.

Chukua ndege ya injini mbili inayovuka bahari. Kanuni ya msingi ni dakika 60 kutoka kiwanja kinachofaa, kwa mwendo wa injini moja. Kuzidi hapo ni ETOPS, yaani kibali maalumu cha ndege ya injini mbili kuwa mbali zaidi na kiwanja. Boeing 787 imethibitishwa hadi dakika 330, Airbus A350 hadi 370, ingawa kampuni hupewa kikomo chake kulingana na uwezo wake. Kila safari ina nukta ambapo kurudi nyuma na kuendelea mbele ni muda uleule. Upepo ndio unaoisogeza: upepo wa uso ukiwa mkali, nukta inasogea mbele, karibu na uendako. Na nukta si moja. Kuna ya injini kuzimika, ya kupotea kwa mgandamizo wa hewa, na ya yote mawili kwa pamoja. Ya mgandamizo mara nyingi ndiyo inayokula mafuta kuliko zote, kwa sababu unashuka hadi karibu futi 10,000 na kubaki huko chini ambako injini za jeti zina njaa.

Makosa hutokea hivi: marubani wanaangalia hali ya hewa ya viwanja mbadala wakati wa kuondoka tu. Kinachotakiwa ni hali ya hewa ya dirisha lote, tangu muda wa mapema kabisa mnaoweza kufika pale hadi wa mwisho. Ukungu wa alfajiri haukuwepo ulipoondoka usiku.

Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna kazi nyingine. Takriban dakika 10 baada ya kupita kila alama ya njia, unahakiki mahali ulipo kwa kulinganisha na njia uliyoruhusiwa, si ile uliyodhani umeruhusiwa. Makosa makubwa ya njia hutokea pale ruhusa inapobadilishwa na mmoja akaingiza digrii za latitudo kimakosa, mwenzake akaitikia bila kusoma. Unakaa pembeni kulia kwa maili 1 au 2 ili usiwe wima juu au chini ya mwenzako. Ukipata dharura na huwezi kupata ruhusa, unageuka angalau digrii 30, unakwenda kukaa maili 5 za baharini pembeni mwa njia, kisha unashika kimo kilichopishana kwa futi 500 na vimo vya wengine. Redio ni HF, ya masafa marefu na yenye kelele, na SELCAL, mlio wa kukuita, ya kukuamsha sikio.

Hayo yote si "kukaa tu ukinywa kahawa".

BrekiMoto

Hakuna aliyesema ni kukaa tu. Lakini tuieleze na ya ndani kama ilivyo, maana watu hudhani ni kupanda basi.

Ndege ya korido moja inapewa dakika 35 hadi 45 ardhini, na kampuni nyingine 25. Ndani ya dakika hizo: abiria kushuka, usafi, mafuta, mmoja wenu kuzunguka ndege, kuchukua hali ya hewa, kukokotoa uwezo wa kupaa, karatasi ya uzito, maelezo kwa wahudumu, abiria kupanda, mlango. Ukifanya mara 4 au 5 kwa siku, hatari haiko kwenye ugumu wa jambo lolote. Iko kwenye kukatizwa. Mtu wa mafuta anagonga mlango katikati ya orodha ya ukaguzi, mnajibu, kisha mnaendelea kutoka mstari usio sahihi. Tiba inajulikana: ukikatizwa, rudi mwanzo wa sehemu hiyo, usikisie mlipoishia.

Kosa la pili ni namba za mruko uliopita kubaki kwenye kompyuta. Njia ya kurukia imebadilishwa, kasi na flapu ni za ile ya awali. Kila mmoja akokotoe peke yake kwanza, ndipo mlinganishe. Mkikokotoa pamoja mnakosea pamoja.

La tatu ni breki. Airbus A320 hairuhusiwi kupaa kama breki imezidi nyuzi 300 za Selsiasi. Tua kwenye njia fupi ukafunga breki kwa nguvu ili utoke njia ya karibu, utafika kituoni na 400, na dakika zako 35 zimekufa. Rubani mzoefu wa ndani anaanza kuhesabu joto la breki akiwa bado angani: achague njia ya kutokea iliyo mbali zaidi, atumie virejesha msukumo, awashe feni za breki kama ndege inazo. Kumbuka feni zinaweza kufanya kipimo kisome joto la chini kuliko lilivyo, ndiyo maana kikomo cha 300 ni cha feni zikiwa zimezimwa.

La nne ni hitilafu zilizoahirishwa. Kwenye MEL, orodha ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka vikiwa vibovu, kundi B lina siku 3 za kurekebishwa, C siku 10, D siku 120. Tuseme APU, ile injini ndogo ya mkiani, haifanyi kazi. Kwenye safari ndefu unahangaika na kiwanja kimoja cha kwendea, ingawa huko ETOPS inaweza kukubana. Kwenye miruko 5 ya ndani, lazima kila kituo kiwe na mashine ya hewa ya kuwashia injini. Kimoja kikikosa, siku nzima imevunjika. Piga simu kituo cha tatu kabla ya kuondoka cha kwanza.

DawatiLaMafuta

Nichangie upande wa mafuta, kwa kuwa ndipo mawazo ya kapteni hugeuka kabisa anapohama.

Akiba ya dharura kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni asilimia 5 ya mafuta ya safari, isipungue ya dakika 5 za kuzunguka. Kwenye mruko wa saa 1 na dakika 20, asilimia 5 ni kiasi kidogo sana, mara nyingi zile dakika 5 ndizo zinazotawala. Kapteni wa ndani akiongeza kilo 500, hakuna anayeumia. Kwenye safari ndefu, kila saa hewani inateketeza takriban asilimia 3 hadi 4 ya mafuta ya ziada uliyobeba. Beba tani 3 za wasiwasi kwenye safari ya saa 12, tani 1 hivi itateketea kwa kubebwa tu. Na kama ndege imefika kikomo cha uzito wa kupaa, hizo tani 3 zinashusha mizigo. Kwa hiyo useme kwa nini: dhoruba ya saa ngapi, foleni ya wapi.

Jambo lingine ni kurudi mara tu baada ya kupaa. Boeing 777-300ER inapaa na hadi tani 351.5, lakini uzito wa juu wa kutua ni tani 251. Tofauti ni tani 100. Unamwaga mafuta, na hilo linachukua muda, au unatua mzito kama moto haukupi nafasi. A320 na 737 hazina mfumo wa kumwaga kabisa. Unatua mzito au unazunguka.

Na baridi. Njia za karibu na ncha ya kaskazini zinapoza mafuta kwenye mabawa. Jet A huganda nyuzi -40, Jet A-1 -47, na unatakiwa ubaki nyuzi 3 juu ya hapo. Tiba: shuka kwenye hewa yenye joto zaidi, badili njia, au ongeza mwendo. Kuongeza Mach 0.01, yaani asilimia 1 ya mwendo wa sauti, kunakupa kati ya nusu nyuzi na 0.7 tu, na mafuta yenyewe hubadilika joto polepole, kama nyuzi 3 kwa saa. Ukisubiri taa ya tahadhari umechelewa.

Anga_Mwanafunzi

Na afya? Ipi inazeesha?

UsingiziKwanza

Zote mbili, kila moja kwa mlango wake.

Ya ndani inaiba usingizi wa mbele. Kuripoti saa 11 alfajiri siku 4 mfululizo maana yake kuamka saa 9 usiku, na mwili haukubali kulala saa 1 jioni hata ukiulazimisha. Unapoteza saa 2 kila usiku na deni linajumlika. Ratiba mbaya kuliko zote ni ile inayoanza na alfajiri na kuishia na usiku ndani ya wiki moja, maana hapo umevuka majira bila kuondoka nchini. Ukiwa na uwezo wa kuomba ratiba, omba alfajiri zote pamoja au jioni zote pamoja.

Safari ndefu inagonga saa ya mwili yenyewe. Kuhama kunachukua takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti. Kwenda magharibi ni nafuu kwa sababu saa ya ndani ya binadamu wengi inazidi saa 24 kidogo, hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Mapumziko ya kituoni yakiwa chini ya saa 48, usijaribu kuhama. Baki na majira ya nyumbani kadiri inavyowezekana. Ukifika asubuhi baada ya usiku mzima angani, lala saa 2 au 3 tu, amka, toka nje, kisha weka usingizi mkubwa uishie karibu na muda wa kuripoti. Anayelala saa 8 mara tu anapofika, akaamka saa 10 jioni, ataripoti saa 5 usiku akiwa tayari anasinzia. Kahawa iache saa 6 kabla ya kulala.

Zingatia kwamba kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi kwa majira ya mwili wako uko chini kabisa, hata kama jua la huko nje linawaka. Kutua baada ya safari ndefu mara nyingi kunaangukia humo. Pale mamlaka inaporuhusu usingizi mfupi kitini, utafiti wa NASA wa 1994 uliwapa marubani dakika 40 na wakalala wastani wa dakika 26, na umakini ukaongezeka. Baada ya kuamka usikabidhiwe chochote kwa dakika 20. Marekani hawaruhusu hili kitini.

Mionzi: marubani wengi hupata mSv (milisiveti, kipimo cha mionzi) 2 hadi 5 kwa mwaka, zaidi kwa wanaoruka juu na karibu na ncha za dunia. Kikomo cha kazini kinachopendekezwa ni wastani wa mSv 20 kwa mwaka ndani ya miaka 5. Rubani mjamzito ana kikomo chake, mSv 1 kwa mtoto tangu ujauzito unapotangazwa, na safari ndefu za kaskazini zinaweza kukimaliza. Atoe taarifa mapema.

BrekiMoto

Niongeze kuhusu mikono. ICAO inataka kupaa mara 3 na kutua mara 3 ndani ya siku 90, hata kwa simyuleta. Huo ni uhalali. Umahiri ni kitu kingine. Anayehama kutoka A320 kwenda 777-300ER anakutana na mambo mawili: magurudumu makuu yako mita 31 nyuma ya gurudumu la pua badala ya kama 12.6, hivyo kwenye kona unaendelea mbele kupita mstari ndipo ugeuze. Na macho yako juu sana wakati matairi yanagusa, hivyo anayesubiri picha aliyoizoea anachelewa kuinua pua. Sikiliza sauti ya kipima kimo, 50, 30, 20. Ukitua mara 2 kwa mwezi, kujenga picha mpya kunachukua miezi.

Nukta_ya_Muda_Sawa

Hilo nalikubali. Ndiyo maana nashauri anayekaa masafa marefu aombe simyuleta ya ziada kwa upepo wa pembeni na kukaribia kiwanja bila otomatiki, asingoje ukaguzi wa kila miezi 6.

Kikomo13

Hakuna aliyegusa ukongwe, yaani nafasi yako kwenye orodha ya marubani wa kampuni, na kwangu ndio unaoamua. Kwenye kampuni zinazopanga kwa orodha, rubani wa 20 kati ya 200 kwenye ndege ndogo anachagua siku za mapumziko na likizo. Akihamia ndege kubwa akawa wa 90 kati ya 100, anapewa kilichobaki: sikukuu zote, na zamu za kusubiri kuitwa. Kusubiri safari ndefu ni kugumu kuliko ya ndani. Ukiitwa saa 3 usiku kwa zamu ya saa 15, ulipaswa kulala mchana ule bila kujua kama utaitwa.

Wenye familia wahesabu usiku, si siku. Wa ndani anayerudi kila jioni hulala kwake hata usiku 20 kwa mwezi, ila anafika hoi na watoto wamelala. Wa mbali analala kwake pengine 13 au 14, na baada ya kuvuka majira makubwa kanuni ya EASA inampa kati ya usiku 2 na 5 za nyumbani. Anakuwepo kwa siku nzima, ingawa ya kwanza haimo kwenye hesabu.

Na umri: ukomo wa ICAO wa miaka 65 unahusu usafiri wa kimataifa. Ndani ya nchi kila mamlaka huweka wake. Mwenye miaka 58 anayetaka kuruka muda mrefu zaidi aangalie hilo kabla ya kuhamia bahari.

Anga_Mwanafunzi

Nashukuru wakuu. Kama nina maswali matano tu ya kuwauliza kabla ya kusaini?

KitiChaKulia

Marubani wangapi kwenye safari ya saa 9 hadi 12, na wanalala wapi. Rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza ametua mara ngapi kwa mwezi miezi 6 iliyopita, wakupe namba. Muda wa wastani hadi ukapteni kwenye kila aina ya ndege. Asilimia ngapi ya ratiba ya mgeni ni zamu za kusubiri. Na la tano, mkataba unakufunga miaka mingapi kwenye aina moja kabla ya kuruhusiwa kuomba nyingine. Wakikwepa la pili, mpigie rubani msaidizi wa pale moja kwa moja. Hilo hujibiwa kwa sentensi moja.